Mtoto akihama, buletini yake inabaki wapi? Vile mashule ya Texas yanashirikiana kusaidia watoto wa wahamaji

Mwaka 2008, mwezi wa kumi, vita ilipopanda upande wa Rutshuru, sisi tulikimbia kuelekea Goma na godoro moja, sufuria mbili na mtoto mgongoni mwa mama. Buletini yangu ya darasa la ine ilibaki ndani ya sanduku. Shule iliyonipokea ilikuwa na watoto wengi kupita mabenchi, na direkta hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza karatasi, nikamwambia imebaki kijijini. Akasema: "Basi utarudilia ya ine, hatuna namna." Hivyo njo nilidubla darasa ambalo nilikuwa nimekwisha kulipita kwa asilimia nzuri. Wengi wenu munaosoma hapa muna habari kama hii, ao mtoto wenu anayo.

Nimeikumbuka juma hizi kwa sababu ya maswali yanayokuja kwetu kutoka kwa familia zenye ndugu Marekani. Wanasikia kwamba huko kuna programu ya shule kwa "watoto wahamaji", na wanauliza: je, ni kwa watoto wetu wakimbizi? Ni nani analipa? Na juu ya nini mtoto wa jirani aliipata na wetu hakuipata? Tulipochunguza tuliona kwamba jambo lenyewe ni la kufahamu hata kwa mtu asiye na ndugu Amerika, kwani lilianza na tatizo lile lile la direkta wangu: mtoto amefika, karatasi haikufika.

"Mhamaji" si mgeni

Tuanze na neno, maana njo linachanganya watu. Katika sheria ya Marekani, mwanafunzi mhamaji si mtoto aliyetoka inchi ya kigeni. Ni mtoto ambaye mzazi wake, ao yeye mwenyewe akiwa kijana anayetumika, anahamahama kwa kazi ya shamba ao ya uvuvi: kuvuna matunda, kupalilia, kukamua maziwa, kufunga kuku na nyama ndani ya viwanda. Kazi hiyo lazima iwe ya msimu ao ya muda mfupi. Familia lazima iwe imehama kutoka eneo la shule moja kwenda lingine katika miezi 36 iliyopita, na imehama kwa kutafuta maisha. Mtoto awe na miaka kuanzia 3 mpaka 21, na asiwe amekwisha kupata diploma ya sekondari.

Kwa hiyo wengi wao ni raia wa Marekani, wamezaliwa palepale. Mtoto aliyezaliwa kusini mwa Texas, ambaye kila mwaka baba anamvusha mpaka Michigan kuchuma matango, huyo ni mhamaji. Mtoto wa Bukavu aliyefika kwa ndege na karatasi za ukimbizi, baba yake akatumika katika duka mjini Houston, huyo kwa sheria hii si mhamaji. Ana misaada mingine, lakini hii si yake. Lakini kama familia hiyo ilikaa Houston, kisha ikahamia kaskazini kabisa, upande wa Amarillo, kwa kazi ya muda katika kiwanda cha nyama, hapo mambo yanaweza kubadilika. Wakimbizi wa inchi mbalimbali, na Wakongomani ndani yao, wanatumika katika viwanda vya eneo hilo. Njo maana watoto wawili wa mtaa mmoja wa Goma wanaweza kufika Texas na mmoja tu akapata.

Mambo yalianza na filamu na mwalimu mmoja

Mwaka 1960, siku moja baada ya sikukuu yao kubwa ya mavuno, televisheni CBS ilionyesha filamu ya mwandishi wa habari Edward R. Murrow, jina lake "Harvest of Shame". Wamarekani walikuwa bado na nyama ya sikukuu mezani, wakaonyeshwa watu waliovuna chakula hicho: familia zinazolala kambini, watoto wasiomaliza mwaka katika shule moja. Filamu peke yake haikuleta sheria, lakini ilifanya watu washindwe kusema hawajui.

Miaka mitano baadaye, mwezi wa ine 1965, rais Lyndon B. Johnson alitia sahihi sheria kubwa ya elimu ya msingi na sekondari. Johnson mwenyewe, alipokuwa kijana, mwaka 1928, alifundisha watoto maskini wenye asili ya Mexico kule Cotulla, kusini mwa Texas, na alipenda kukumbusha watu jambo hilo. Mwaka 1966 sheria iliongezwa sehemu ya watoto wa wafanyakazi wahamaji. Sehemu hiyo ingali ikitumika mpaka leo, na katika miaka ya karibuni serikali kuu imekuwa ikiiwekea karibu dola milioni 375 kwa mwaka kwa inchi nzima.

Kila eneo ni kama serikali ndogo

Kwetu, mwalimu wa Walikale na mwalimu wa Uvira wote wanangojea mshahara kutoka Kinshasa. Programu ni moja, mtihani wa Taifa ni mmoja. Sous-division haitozi kodi ya nyumba ili kujenga madarasa.

Marekani si hivyo. Inchi ile imegawanywa katika maeneo ya shule zaidi ya 13,000. Kwa kawaida eneo lina baraza lake ambalo wakaaji wanalipigia kura, linaajiri walimu wake, na linakula sehemu ya kodi za nyumba na viwanja vya pale. Juu yake kuna jimbo lenye programu yake na mitihani yake. Mtoto akivuka kutoka eneo moja kwenda lingine, ni kama amevuka mpaka. Akivuka jimbo, hata masomo ya kumaliza sekondari yanaweza kubadilika.

Sasa wazia eneo dogo la mashamba magharibi mwa Texas, shule moja ya msingi na moja ya sekondari. Kuna watoto sita tu wa wahamaji. Pesa za programu zinagawanywa kufuatana na hesabu ya watoto na mahitaji yao, kwa hiyo za watoto sita ni kidogo sana. Haziwezi kulipa mtu mmoja hata kwa nusu ya mwaka. Lakini kazi inayotakiwa na sheria ni ileile kama ya mji mkubwa: kutafuta familia, kujaza karatasi, kuingiza habari katika kompyuta, kufuatilia masomo, kuita wazazi, kutoa raporti. Direkta akipewa hiyo kazi juu ya kazi yake, ataifanya namna gani? Ataiacha. Na watoto sita watakaa darasani bila mtu kujua kwamba wana haki ya msaada.

Hapo njo kunakuja kutumikia pamoja.

Sanduku moja, watumishi wa wote

Tangu miaka ya 1960 Texas ina vituo 20 vya huduma za elimu, kila kimoja kwa mkoa wake. Kituo namba 1 kiko Edinburg, karibu na mpaka wa Mexico, ambako familia nyingi za wahamaji zina makao yao. Kituo namba 16 kiko Amarillo, kule kwa viwanda vya nyama. Vituo hivi havitawali mashule wala haviwezi kumfukuza direkta. Ni vya kutoa huduma.

Maeneo madogo ya mkoa yanaweza kutia sahihi mkataba na kituo. Kila eneo linasema: sehemu yangu ya pesa za wahamaji, kituo kiishike. Kituo kinakuwa mwenye sanduku na kinajibu mbele ya jimbo kwa kila dola. Mwenye kujua AVEC ao likelemba ataelewa nusu ya jambo: franga kidogo za kila mmoja, zikiwekwa pamoja, zinafanya kitu. Nusu ingine ni tofauti. Katika likelemba unangoja zamu yako uchukue. Hapa hakuna anayechukua. Wote wananunua kwa pamoja watumishi ambao hakuna eneo lingeweza kuwalipa peke yake, na watumishi hao wanazunguka.

Mtumishi wa kwanza ni mtafutaji. Huyu mimi namwona kuwa moyo wa programu nzima. Hakai bironi akingoja wazazi. Anaenda kwenye mashamba, kwenye kambi za wafanyakazi, mbele ya kiwanda saa ya kubadilisha zamu, kanisani, hata kwenye duka la kufulia nguo. Anauliza: mulitoka wapi, mulifika siku gani, mulikuja kwa kazi gani, watoto ni wangapi? Majibu anayaandika kwenye cheti cha kustahili, mzazi anatia sahihi, kisha mtu mwingine anakichunguza kabla hakijakubaliwa. Kila mwaka familia kadhaa zinaulizwa tena na mtu mwingine, ili kuona kama kile kilichoandikwa ni kweli, maana pesa zinafuata hesabu ya watoto na mahali penye pesa kuna majaribu. Kitu kimoja mtafutaji haulizi: karatasi za uhamiaji. Programu haijali hizo. Na mahakama kuu ya Marekani, katika kesi iliyoanza palepale Texas, mjini Tyler, ilisema mwaka 1982 kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto shule ya serikali kwa sababu hana karatasi.

Mtumishi wa pili ni wa kompyuta, tutarudi kwake. Wa tatu ni mshauri wa wanafunzi wa sekondari. Kisha kuna walimu wa kusaidia baada ya masomo ao wakati wa likizo kubwa, na watu wanaotembelea nyumba zenye watoto wa miaka 3 na 4 ambao hawajaanza shule, wanamwonyesha mama michezo ya kumfundisha mtoto herufi na hesabu. Wanunua pia vifaa vya shule. Tena mtoto mwenye cheti hicho anapata chakula cha shule bure bila mzazi kujaza formu ingine ya kueleza mshahara wake, na kwa familia nyingi hiki njo kitu cha kwanza wanachokiona kwa macho.

Kuna pia halmashauri ya wazazi, na hiyo si ya hiari: programu ya mwaka mzima lazima iwaulize wazazi wahamaji namna ya kupanga kazi, tena katika lugha na namna wanayoelewa. Katika mkataba wa pamoja, wazazi wa maeneo mbalimbali wanakutana kwenye kituo. Wanafika wangapi, hiyo ni habari ingine. Mtu aliyekata nyama saa kumi hana hamu ya mkutano.

Si Texas peke yake. New York tangu 1948 ina mashirika ambayo maeneo ya shule yanashirikiana ndani yake kwa huduma mbalimbali. Kila jimbo lina namna yake, lakini wazo la kuweka pamoja kile kilicho kidogo ni lilelile.

Karatasi inayomfuata mtoto

Sasa turudi kwa mtumishi wa kompyuta. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 Wamarekani walijaribu kuweka habari za watoto wahamaji wote katika kompyuta kubwa moja mjini Little Rock, jimbo la Arkansas. Kwa wakati ule lilikuwa jambo la ajabu. Lakini shule zililalamika kwamba habari zinachelewa, mtoto anakwisha kuondoka ndipo karatasi yake inafika, na mfumo huo ulifungwa mwaka 1995. Miaka zaidi ya kumi kila jimbo lilijipanga lenyewe. Mwaka 2007 mfumo mpya ulianza, unaitwa MSIX, na sasa unaunganisha habari za majimbo: mtoto alisoma wapi, darasa gani, alipata pointi gani, chanjo zake, masomo aliyoyaacha katikati. Mtumishi akiona kwamba familia inaondoka, anatuma ujumbe kwa mwenzake kule wanakokwenda: watoto watatu wanakuja kwenu, mmoja alikuwa katikati ya hesabu za mwaka wa kwanza wa sekondari.

Kwa mtoto wa msingi hii inazuia kuwekwa darasa la chini bila sababu. Kwa yule wa sekondari ni kubwa zaidi. Kule mwanafunzi anakusanya pointi kwa kila somo, nusu mwaka kwa nusu mwaka, mpaka zitoshe kupata diploma. Texas inataka mwanafunzi ahudhurie siku 90 kwa 100 ili somo lihesabiwe. Familia inayokwenda kaskazini mwezi wa ine na kurudi mwezi wa kumi inakata mwaka mara mbili. Kijana anaweza kusoma miaka mine yote, akawa na akili ya kutosha, kisha akakuta masomo mengi ni vipande vipande na hakuna kilichotimia. Njo hapo mshauri anapopata kazi: kuomba shule ya Minnesota imalizishe somo ambalo Texas inalitaka, kupanga masomo ya likizo, hata kupanga mwanafunzi wa Texas afanye mtihani wa jimbo lake akiwa mbali, katika shule ya jimbo lingine.

Hapa kwetu wazo la namba inayomfuata mtoto lipo pia. Angalieni buletini: kuna vijumba vya namba ya kudumu ya mwanafunzi, na SERNIE, idara ya kutambulisha wanafunzi, jina lake munalijua vizuri kwenye orodha ya malipo ya shule. Lakini namba bila mtu wa kuitafuta ni wino tu. Direkta wa Minova anayepokea mtoto wa Masisi leo, anapiga simu kwa nani? Kule Texas jibu ni mtu mwenye jina na namba ya simu, analipwa kwa kazi hiyo na maeneo kumi kwa pamoja. Mashine inakuja nyuma yake.

Yasiyokwenda vizuri

Tusiseme kwamba huko yote ni asali. Mkoa mmoja wa Texas unaweza kuwa mkubwa kama teritware zetu kadhaa zikiwekwa pamoja, na mtumishi wa kituo anashinda barabarani. Shule iliyotoa pesa zake inaweza kumwona mara chache, na walimu wakaanza kusema: "Hao watoto ni wa kituo, si wetu." Hilo njo kosa kubwa la kushirikiana. Kazi ya wote inaweza kugeuka kazi ya hakuna mtu. Kwa sheria, pesa za wahamaji ni za kuongeza juu ya kile shule inachopaswa kumpa kila mtoto. Hazikuletwa ili mwalimu wa darasa apumzike.

Pia sanduku linategemea Washington. Mwaka 2025, tarehe 1 mwezi wa saba, siku ambayo majimbo yanazoea kupata pesa, serikali kuu ilizuia mabilioni ya dola za elimu, na pesa za watoto wahamaji zilikuwa ndani. Ziliachiliwa karibu na mwisho wa mwezi huo, lakini vituo vinavyolipa watumishi kwa pesa hizo vilikuwa vimekwisha kujiuliza nani atabaki na nani ataenda. Katika mpango wa bajeti wa mwaka uliofuata, serikali iliomba programu ifutwe kabisa. Eneo kubwa linaweza kuvumilia miezi kwa kodi zake. Eneo dogo lenye watoto sita halina kitu kingine.

Na kuna woga. Tangu mwezi wa kwanza 2025, ule utaratibu uliowazuia maofisa wa uhamiaji kufanya kazi yao ovyo mashuleni na makanisani umeondolewa. Mtafutaji anayegonga mlango wa mfanyakazi wa shamba leo, hata akiwa na kitambulisho cha shule shingoni, anaweza kukuta pazia limefungwa. Familia isiyofungua haiandikwi, mtoto asiyeandikwa hahesabiwi, na mwaka unaofuata pesa za mkoa zinapungua.

Kwa wenye ndugu huko

Kama ndugu yako alihamia mji mwingine Marekani kwa kazi ya shamba, maziwa, kuku ao nyama, na miezi 36 haijapita, mwambie aulize shule ya mtoto swali moja: "Nani anashughulika na watoto wa wafanyakazi wahamaji?" Katika shule ndogo, mwandishi wa biro anaweza kusema hapana mtu kama huyo. Basi aulize kituo cha mkoa, maana mara nyingi njo kule mtu huyo anakaa. Kuandikisha hakulipishwi. Tarehe ya kuhama ina maana kubwa kuliko tarehe ya kufika Amerika, kwa hiyo asitupe karatasi ya kwanza ya nyumba wala ya kazi. Kila kuhama kupya kwa kazi kama hiyo kunaanzisha hesabu upya.

Na buletini za Kongo asizitupe pia, hata kama zimeandikwa Kifaransa na zimekunjwa mpaka zimepasuka. Mshauri wa sekondari anaweza kuzitumia kuomba masomo yaliyofanywa huku yahesabiwe. Kwa mnaobaki huku: pigeni picha ya buletini kwa simu, pande mbili, vijumba vya namba vionekane, kisha tumeni kwa mtu mmoja anayekaa mji mwingine. Sanduku la mama yangu halikurudi.